Chujio

Septemba, barabara ya Kipushi:
vumbi jekundu limeingia hata kwenye chumvi.
Trakta inakohoa moshi mweusi.
Kyungu anataka kulibamiza chujio ukutani;
namzuia. Karatasi hiyo ikichanika
mchanga utakula pistoni kabla ya mvua ya kwanza.

Naligonga kwa kiganja, polepole,
kama mgongo wa mtoto aliyepaliwa na maziwa.
Nachomeka taa ndani, nazungusha,
natafuta penye kupenya mwanga hata tundu la sindano.
Hakuna.
Napangusa kopo kwa kitambaa kibichi, nakaza skrubu ya bomba.

Baba alichimba shaba miaka ishirini na miwili.
Kifua chake
nani alikifungua, akakipangusa?

Haya, washa, Kyungu.
Usiongeze mafuta kwanza.
Sikiliza inavyovuta hewa.