Asilimia

Fomu ya hasara ina safu saba.
Ya kwanza namba ya ndege, ya pili aina yake,
ya tatu mahali ilipoegeshwa,
ya saba asilimia.
Chini ya kumi, fundi wa hapa hapa anaziba
kwa bati na ribiti kabla supu haijapoa.
Arobaini, inapakiwa kwenye behewa ikatafutiwe bawa.
Sitini, inachunwa kama mzoga:
magurudumu huku, saa na dira kule.
Mia moja ni jivu,
na jivu nalo lina namba, nami naipiga chapa.

Naitwa Ottilie Brenneke, karani wa ugavi,
miaka ishirini na miwili,
wino wa kidole changu cha shahada hautoki hata kwa magadi.
Mali bila daftari hupotea bila habari.
Hapa Lindenrode daftari tunalo.
Mali inapotea pamoja na habari zake, nakala tatu.

Jumanne walikuja saa sita kasoro robo,
mbingu nyeupe kama maziwa yaliyoenguliwa.
Handakini tulihesabu mabomu kwa matumbo,
maana masikio yalikwisha kujaa mchanga.
Dakika kumi na moja.
Nilipotoka, uwanja ulikuwa chekeche,
na zile ndege za mbao,
alizozichonga seremala Wendelin majira yote ya baridi,
akazipaka rangi, akazichorea hata vioo vya rubani
ili adui ahadaike,
zilisimama palepale, nzima, hazina mkwaruzo.
Wendelin alizitazama kwa haya,
kama mzazi ambaye mwanawe amerudi salama
mbele ya majirani wasiorudishiwa wao.

Za kweli, kumi na tisa.
Nne kati yake hazikuwahi kuruka tangu zitoke kiwandani.
Petroli hakuna. Tulizivuta kwa maksai
kwenda kuzificha chini ya misonobari,
chombo cha kushindana na upepo
kikifuata mkia wa ng'ombe, hatua kwa hatua,
kikisubiri mwenzake anye.

Nikaandika. Mia. Mia. Themanini na tano. Mia.

Jumatano akaja Bi Kunigunde Lohse,
tope la shamba hadi magotini, hakuketi.
"Maksai wangu alikuwa akivuta ndege yenu."
Nikamwambia fomu hizi ni za ndege.
"Basi mwandike ndege. Namba anayo, ipo sikioni."
Nikaingiza karatasi mashineni.
Aina: Hektor.
Mahali: ukingo wa msitu, upande wa kaskazini.
Asilimia?
Akafikiri. Ni mtu mwaminifu.
"Nyama tumeila," akasema, "na ngozi ninayo.
Andika sitini."

Aliyeshika kamba ya Hektor ni Jost,
mwanafunzi wa mafundi, umri kumi na saba,
aliyezoea kuniazima kalamu ya risasi asubuhi
na kuirudisha jioni, fupi zaidi,
alama za meno zimeizunguka.
Bi Lohse hakumtaja. Nami sikumtaja.
Watu hawaandikwi kwangu.
Watu ni ghorofa ya juu, mlango wa pili,
na huko hakuna asilimia:
yupo, hayupo.

Usiku, taa imefunikwa kitambaa, najaribu mwenyewe.
Nyumba yetu ya Kassel: mia.
Mama, tangu ile barua ya kaka: thelathini na tano,
anatembea, anapika, chumvi anasahau.
Wendelin: sijui, hasemi,
leo kaanza kuchonga nyingine.
Mimi naacha nafasi wazi.

Kalamu iko mezani, imebaki urefu wa kidole gumba.
Naandikia jumla:
ishirini.
Afisa ataniuliza, mbona nilihesabu kumi na tisa?
Nitamwambia, kuna moja ya aina mpya,
haihitaji petroli,
nayo imeanguka ikiwa kazini.