Kioo Hakina Upindo

Bwana Mwaipungu alipohamishiwa Sumbawanga
aliniachia deni la suti mbili
na tangi la samaki la kulilipa.
Nikalipima kwa futi kamba yangu ya kazini:
urefu inchi thelathini na sita,
maji madumu saba na sufuria moja.

Lilikuja na samaki kumi na wawili wa juu,
wembamba, wanaometa kama sindano.
Chini hapakuwa na mtu.
Chakula kilichowaponyoka kililala kwenye changarawe,
kikaota ukungu mweupe kama pamba ya mabegani.
"Tafuta kambare," akasema Subilaga wa chumba cha pili,
anayejua kila kitu isipokuwa bei ya uzi.

Kambare yupi?

Nikashuka Mwanjelwa kwa kijana Ambakisye,
auzaye samaki hai nyuma ya maduka ya simu.
Wa kwanza kunionyesha ni huyu wetu wa matopeni,
urefu wa kidole, mpole, masharubu manne kila upande.
Nikamwona wa mwakani: mkono mzima,
kichwa kama koleo,
na tumboni sindano zangu kumi na mbili.
Hapana. Huyo ni wa bwawani, na wa ugali.

Wa pili alijibandika kiooni kwa mdomo,
ngozi kavu kama ganda la nanasi.
"Huyu mfagizi, mama, hadai mshahara."
Na akikomaa?
Ambakisye akajikuna shingo,
akanyoosha mkono, akagusa karibu na kiwiko.

Mimi nimeshona sare za shule miaka ishirini na miwili.
Mtoto wa darasa la tatu humpimi alivyo,
unampima atakavyokuwa akiingia la tano;
unaacha inchi mbili kwenye pindo
na kila Januari mama yake anakuja ufungue kidogo.
Kioo hakina upindo.

Wa tatu alikuwa ngogo.
Katoka Matema ndani ya ndoo ya rangi,
madoa meusi, miiba mitatu imesimama.
Alipotolewa majini alinung'unika, kwa sauti kabisa,
ngo, ngo, ngo,
kama cherehani yangu ikikosa mafuta.
Nikampenda papo hapo. Pesa nilishaishika mkononi.
Lakini kwao ni ziwani, kwenye kina na maji magumu;
kwangu ni bomba, maji laini yashukayo mlimani.
Angekua kiganja na vidole vyake vyote,
mchana kutwa nyuma ya chungu,
usiku akiwahesabu wadogo.
Nikairudisha pesa kwenye kanga.

Ndipo nikaliona beseni la bluu sakafuni.
Wamo vijikambare vya kutoka mbali, ng'ambo ya bahari,
rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa,
inchi mbili na nusu, na hapo ndipo wanapokoma.
Wanafukuafukua, wanakonyeza macho.
"Mmoja bei gani?"
"Mmoja siuzi. Mmoja hujificha mpaka anakufa.
Sita, au basi."

Nyumbani nikaimwaga changarawe yote;
makali yake yangewakata masharubu.
Nikachekecha mchanga wa Nzovwe kwa chekeche la unga, mara nne,
Subilaga akipita, akiuliza napika nini.

Juni umeme ulikatika saa nne usiku,
baridi ile ya kuingia mpaka kwenye meno.
Nikalivika tangi blanketi langu
na mabaki ya sufu ya suti za Mwaipungu,
nikamulika kwa tochi:
sita, wamebanana mchangani
kama vifungo kwenye kadi yake.
Mmoja akanikonyeza. Nikalala na koti.

Yule ngogo, nasikia, alichukuliwa na daktari mmoja wa Forest
mwenye tangi refu kama jeneza.
Vizuri.
Ila siku hizi cherehani ikianza kulalamika
siikimbilii na mafuta.
Naiacha kwanza, naisikiliza kidogo.