Sili ya Nne

Vilgot aliingia na katoni iliyokunjuliwa,
akaitandaza sakafuni kabla hajanisalimu.
Nimeona ramani nyingi katika gereji hii,
lakini ile ya oili, nyeusi, yenye visiwa viwili,
ilisomeka kuliko zote.

"Sili ya nyuma," akasema. "Tena."
Tatu zimebadilishwa tangu mibetula ipukutike,
mbili kule Kiruna, moja na shemeji yake,
na kila mara giaboksi ikashushwa, kila mara risiti,
kila mara wiki mbili za ukavu,
kisha tone.

Nje, nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri.
Sikuchukua jeki. Nilichukua birika,
nikamkatia jibini la kutia kahawani
kama tunavyokunywa huku Vittangi,
nikamuuliza: dipstiki hutulia?
"Hutoka. Asubuhi naikuta imeinuka kidole kizima.
Sasa nimeifunga na waya."

Na waya!
Nikaweka kikombe chini.

Tumeusiwa: usipoziba ufa utajenga ukuta.
Hakuna aliyetuusia habari za ufa
unaozaliwa na kuziba.

Nikawasha. Volvo ya mwaka themanini na nne,
kilomita laki nne na arobaini elfu,
ikanguruma kama mtu mzima anayejizuia
kukohoa mbele ya wageni.
Nikafungua kifuniko cha oili,
nikavua glavu ya mpira mkononi mwangu
nikauvisha ule mdomo.
Glavu ikasita. Kisha kidole gumba kikasimama,
kisha vyote vitano, vimevimba, vyeupe,
mkono mzima umenyanyuka kutoka ndani ya injini
kama mwanafunzi anayejua jibu
na mwaka mzima mwalimu hajamwita.

Vilgot akacheka. Kisha akaacha kucheka.

Kila injini kongwe hupitisha pumzi kidogo
kandokando ya ringi za pistoni.
Si aibu, ni umri.
Pumzi hiyo hushuka tumboni, kwenye krenki,
na huko yataka mlango.
Ikinyimwa mlango haibishi hodi mara ya pili,
humtafuta mnyonge wa nyumba,
sili, gasketi, kijiti cha kupimia,
ikampiga kikumbo atoke yeye.
Nasi mafundi tunafika na tochi
tunamlaumu aliyesukumwa.

Nikapenyeza vidole chini ya manifoldi,
mahali ambapo spana haifiki bila matusi,
nikachomoa kichujio cha kipumulio,
kidude cha plastiki, hakizidi kizibo cha chupa,
kila tundu limejaa masizi magumu kama lami.
Na paipu yake nilipoiinamisha mezani
ikatema gimba la barafu, rangi ya maziwa mabovu:
maji na oili, mvuke wa safari fupifupi
za injini isiyopata moto wa kujikausha.

"Unaendesha wapi siku hizi?"
"Dukani. Makaburini. Nyumbani."
Kilomita sita, akasema.
"Kila siku?"
"Tangu Septemba."

Jibini lilikuwa limelainika kikombeni mwake.
Hakulila. Akasimama akiuzungusha ule waya kidoleni,
nami nikasafisha nilichoweza kusafisha,
nikabadilisha paipu, nikatia kichujio kipya.
Kroni mia moja na themanini.
Sili ya nne imebaki kwenye rafu, ndani ya nailoni yake.

Tukaivisha glavu tena, injini ikiwaka.
Safari hii ilinywea, ikalala,
vidole vikavutwa ndani kidogokidogo.

"Mara moja kwa wiki," nikamwambia, "iendeshe mbali,
mpaka ipate moto kwelikweli.
Nenda hata Karesuando."
"Sina mtu Karesuando."
"Najua."
"Nikifika nifanye nini?"

Nikafikiri.
"Geuza," nikasema. "Urudi."