Kurasa Mbili za Jubilii

Kasisi Mwamuye kaniambia: kurasa mbili, usizidi.
Karatasi ina bei, na wageni wa jubilii hawasomi.
Anza na wamishonari, pitia kwa maaskofu,
malizia na vigae vipya na majina ya waliovilipia.

Basi nimefungua sanduku la vestri, hapa Mwakirunge.
Mchwa wamenitangulia. Wao husoma kuanzia pembeni,
hawabagui: wamekula hesabu zote za kopra,
nusu ya ndoa, na askofu mmoja hadi kwenye kola.

Kuta ni matumbawe. Yalichongwa Mtwapa,
yakabebwa vichwani na watu ambao juzi tu
walikuwa wamebebeshwa pembe. Mstari wao ni huu:
*Mawe, safari mia nne na kumi. Wapagazi, bure.*
Bure.
Nimelirudia neno hilo kama mtu aonjaye mchuzi
akitafuta kilichokosekana.

Fundi alitoka Kibokoni, Msellem bin Shali,
aliyejenga misikiti saba kabla ya kanisa lake la kwanza.
Alipoambiwa atenge mahali patakatifu
akachimba ukutani kibla alichokijua,
upinde wenye ncha, maua ya chokaa pembeni.
Mzungu wa misheni akaandika, wino umeruka:
*Ibomolewe.* Chini yake, mwezi wa sita:
*Mvua. Haikubomolewa.* Chini yake, hakuna kitu.
Ndiyo maana sisi twasali tukielekea kaskazini,
na kila askofu mpya huzunguka kwanza
kama kuku aliyehamishiwa kiota.
Msalaba umekaa mle ndani ya upinde,
mgeni aliyepewa kitanda cha mwenyeji.

Halafu kitabu cha ubatizo.
Nambari sitini na moja: Damari, wa kike, miaka kama tisa.
Baba, hajulikani. Mama, hajulikani.
Kabila, halijulikani.
Mahali alikotoka: manowari.
Utadhani chuma kile kilishikwa uchungu, kikajifungua.
Damari huyo alimzaa Yusto, Yusto akamzaa mama,
mama akanizaa mimi, karani nisiye na mshahara.

Sasa sogeza taa.
Pembeni, kwa penseli, herufi kubwa za mtu
aliyejifunza kuandika meno yameshaanza kumtoka:

WAJULIKANA. BABA CHIMWALA. MAMA ABITI KALANJE.
MYAO. MTO LUJENDA
PENYE MWAMBA WA KUFULIA

Nani alimpa penseli, sijui.
Vestri ilikuwa na kufuli mbili, na funguo zake
zilikaa kwa kasisi na kwa mfagiaji.
Nimefungua daftari la mishahara.
Mfagiaji, miaka thelathini na mmoja, rupia, kisha shilingi,
kisha shilingi zilezile: Damari.
Kumbe alikuwa akifagia akikaribia.

Jumatano nikampelekea kasisi kurasa zangu.
Alisoma amesimama mlangoni, moshi wa jaa ukiingia,
ule wa taka za mji mzima unaotujia kila kaskazi.
"Maaskofu wako wapi?"
Nikamwambia wako ukutani, kwenye vibao vya shaba,
na kila Jumamosi nawasugua kwa ndimu na majivu.
"Kitabu cha kanisa hakiandikwi na kila mtu, Persisi.
Tena kwa penseli."
Nikasema ndiyo, baba.
Akageuza karatasi, nyuma hamna neno, akaigeuza tena.
Nje mtu alikuwa akiburuta viti vya kukodi.

"Huo mwamba," akasema baadaye,
"ulikuwa mkubwa kiasi gani?"

Tukarudi sandukuni, tukainama wote wawili.
Baada ya neno *kufulia* mkono ulitaka kuendelea.
Palipoanza herufi iliyofuata
penseli imekatika,
na karatasi ina tundu.