Jibu kwa Mpima Karafuu

Shaame, jana ghalani, penye mizani ya Wete,
Ukaniuliza: "Nani, kati yao hao wote,
Ndiye Mola wa yakini? Tatu si moja, kafute!"
Nilicheka, sikujibu; nakuandikia leo.

Karafuu twazipima, pishi juu yake pishi,
Bali aliye Karima, mizani haimtoshi.
Miungu sijaisema mitatu, hilo sizushi;
Ni mmoja, si mpweke; hapo ndipo twapishana.

Kisiwa kisijaundwa, wala mche, wala jani,
Mpenzi bila mpendwa angelimpenda nani?
Pishi yako imeshindwa, na yangu naweka chini.
Baba, Mwana, naye Roho: pendo halikungojea.

Kesho magunia, yakhe, naleta matatu kwako;
Hayo yahesabu yote, lakini usinipunje.