Mkono wa Birika

Ishbel wa ghorofa ya chini, hapa Dundee,
alinipa mmea ndani ya birika lililopasuka:
majani manene yamezungukana, yamebanana
kama ngumi ya mtoto aliyeficha peremende.
"Uwe unausahau kidogo," akasema.

Mimi, niliyefunzwa kuwa kupenda ni kumimina,
niliunywesha asubuhi na jioni
hadi shina likawa uji.

Jani moja tu lilisalia. Nikalilaza juu ya changarawe,
dirishani, nikawa mkono wa birika
mbele ya birika lenyewe.

Barafu ikaja, ikachora vioo, ikaondoka.
Machi, jani limesinyaa;
chini yake mzizi wa rangi ya waridi, uzi tu,
na duara changa, dogo kuliko punje ya mtama.

Kikombe cha maji ki mkononi.
Nimekunywa mwenyewe.