Kabla Hujavuta Kamba

Ranno, weka kwanza huo msumeno chini.
Umetoka nao Tallinn ungali kwenye boksi,
bado unanuka duka.
Kaa, unywe supu. Msitu wa Haanja haukimbii.

Nipe mnyororo niupapase.
Mkali, ndiyo. Leo.
Lakini kila tangi la petroli likiisha
toa tupa mfukoni, jino kwa jino,
sukuma mbele tu, usiirudishe ikikwaruza,
idadi ileile kulia na kushoto,
la sivyo utakata mviringo ukidhani unakata mstari.
Tazama kinachomwagika:
vipande vinene kama punje za shayiri, heri;
ukiona unga mwembamba, mnyororo una njaa.
Mchelea tupa hulia na bega.

Ncha ya ulimi wa msumeno, ile pembe ya juu,
isiguse kitu.
Hapo ndipo teke lilipolala.
Punda angalau hulaza masikio kabla.

Mti uzunguke mara mbili.
Angalia juu: tawi lililokufa, likining'inia,
Leili huliita mpangaji asiyelipa,
siku yake ya kuhama haitangazi.
Angalia nyuma: fyeka njia ya kukimbilia,
iende mshazari, maana shina hupenda kurudi kinyumenyume.

Kata kinywa upande wa maangukio,
robo ya unene, usizidishe.
Kisha nyuma, juu kidogo ya kona ya kinywa,
na hapa nisikie: usikate yote.
Bakiza bawaba.
Mti ni mlango unaofungwa mara moja tu,
na mlango usio na bawaba
humwangukia aliyeusukuma.
Kabari iingie mapema. Ya plastiki. Ya chuma itakula meno.

Unautazama mguu.
Kila mtu huutazama akimaliza supu.

Ulikuwa mbetula, gome jeupe, unene wa ndoo.
Dhoruba ilikuwa imeulalia msonobari kichwani
ukapindika kama upinde.
Nilikuwa na njaa, na jua la Desemba huku
huchungulia tu, haliingii.
Nikakata mgongoni, pale palipovutika.
Mbetula ukakumbuka kusimama.
Hilo tu. Sauti sikusikia. Niliona mbingu,
kisha nikaona kiatu changu
mahali ambapo hakikupaswa kuwa.

Huanzwa tumboni, Ranno, pale palipojibana,
kina cha ukucha; ndipo mgongoni,
kidogo, kidogo tena,
umesimama pembeni, uache mti uchoke wenyewe.
Maneno hayo yamenigharimu parafujo kumi na moja.

Leili ndiye aliyekwenda kuuleta, kwa trekta la jirani,
mimi nikiwa hospitalini Võru.
Hakungoja kiangazi:
mbetula ukilala na gome lake huoza ndani
huku nje unang'aa kama bibi harusi.
Akaupasua mbao za inchi mbili,
akazipaka vichwani rangi iliyobaki ya dirisha
zisipasuke,
akazipanga ghalani, vijiti katikati, upepo upite,
kijiti juu ya kijiti, mstari mmoja;
kikienda kombo, ubao hukifuata.
Samaki hukunjwa angali mbichi.
Ubao hujikunja wenyewe, kwa hiyo juu akaweka mawe.
Inchi moja, mwaka mmoja.
Mimi nikajifunza kutembea, zenyewe zikajifunza kukauka.
Zilinishinda kwa wiki tatu.

Matawi yalipasha sauna hadi Pasaka.
Gome tuliwashia moto. Unga ulikwenda chini ya kuku.

Inua bakuli.
Hapo, karibu na kiwiko chako,
kuna alama nyeusi, fupi, imezama.
Ndio mkato wangu.
Leili alikataa kuupiga randa.

Haya, vaa kofia. Suruali ile nzito, si hiyo.
Leo utabeba kabari.
Kamba utaivuta kesho.